Kutu chini ya betri: Kibati kidogo kinachoweza kukuacha mpakani na mzigo

NI saa kumi na moja alfajiri katika maegesho ya mpaka wa Namanga. Malori yamepanga foleni, wauza chai wameshawasha majiko, na wafanyabiashara wadogo wanapitia karatasi zao kabla ya kuingia kwenye jengo la forodha.

Chukua mfano wa mama anayenunua maharage Arusha na kuyauza upande wa Kenya. Gari lake ni Toyota Corolla stesheni wageni ya miaka ya 1990. Nyuma kuna magunia matatu. Cheti cha afya ya mazao anacho, na cheti cha uasili kilichorahisishwa, kile cha mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, nacho anacho. Mteja wake anamsubiri ng'ambo.

Anazungusha ufunguo. Gari linalia “tik”, kisha kimya.

Vijana wanakuja kusukuma, lakini mmoja wao, fundi, anaomba kwanza boneti ifunguliwe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Betri imekufa?”

“Betri bado ni mpya, mama. Iliyokufa ni trei yake.”

Betri imelala upande kama gunia lililofungwa vibaya. Imeshikiliwa na mpira wa tyubu ya baiskeli. Chini yake, kibati kilichopaswa kuibeba kimekuwa magamba ya kutu, na pembe moja imeshadondoka barabarani. Kwa kuyumba huko, waya mmoja umelegea kwenye kichwa cha betri. Kwa ndani ya boneti kuna alama nyeusi: kichwa cha chanya kimekuwa kikigusa bati kila gari linaporuka shimo.

Mama huyu ana bahati kwamba gari limekataa kuwaka. Lingeweza kuungua.

Kibati cha bei ndogo, hasara ya mtaji mzima

Mwenye gari akisikia neno trei ya betri huwa hashtuki. Si injini, si giaboksi, si breki. Ni sinia la bati tu ambalo betri hukalia, nalo huonekana siku betri inapobadilishwa.

Lakini betri ya gari dogo ina uzito wa kilo 10 hadi 15, na imejaa asidi. Kila gari linapopita kwenye tuta au barabara ya vumbi, uzito huo wote hutua juu ya kibati hicho. Kikioza, betri hucheza. Betri inayocheza hukatika sahani zake za ndani, hulegeza nyaya na humwaga asidi.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Katika magari mengi ya zamani, waya mnene wa chanya hutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye stata bila kupita kwenye fyuzi. Ukigusana na bodi, hakuna cha kuukatiza umeme. Betri ya volti 12 inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa wakati mmoja, kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu kama kaa la moto. Pembeni yake kuna mipira ya petroli, plastiki na grisi.

Kwa anayevuka mipaka kuna jambo jingine la kukumbuka. Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayotumiwa na magari yanayoingia nchi jirani, hulipa madhara aliyofanyiwa mtu wa tatu na matibabu ya dereva na abiria wake. Hailipi gari lenyewe likiungua, wala magunia yaliyokuwa ndani. Asiye na bima nyingine hubeba hasara hiyo peke yake.

Magari yanazeekea kwetu

Kila nchi ina utaratibu wake kuhusu umri wa magari yanayoagizwa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15. Lakini kanuni hizo huishia bandarini na mpakani. Gari likishaingia, huendelea kuzeeka mikononi mwetu, na si ajabu kuliona likibeba mzigo miaka 20 baadaye.

Baadhi ya magari hayo hutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili zisiteleze. Mengine hukaa miaka Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari una chumvi pia. Chumvi na unyevu huharakisha kutu. Hata hivyo, trei ya betri ina adui wa karibu zaidi, naye ni betri yenyewe.

Ndani ya betri ya kawaida kuna sahani za risasi zilizozama kwenye asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni pamoja na mvuke wenye matone madogo ya asidi. Mvuke huo hupita kwenye matundu ya vifuniko, hutua juu ya betri, huteremka pembeni na kutuama kwenye trei. Hula rangi kwanza, kisha bati. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri ni dalili ya kwanza kwamba asidi inatoka.

Sababu kabla ya bati

Kosa linalorudiwa sana ni kubadilisha trei bila kuuliza kwa nini ya kwanza imeoza. Trei mpya ikiwekwa chini ya betri inayovuja, nayo itaoza.

Fundi makini huangalia mambo manne. La kwanza ni chaji. Huchukua mita na kupima betri gari likiwa limezimwa tangu usiku. Betri nzima iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Kisha huwasha injini na kupima tena. Kati ya volti 13.8 na 14.5 ni sawa. Ikizidi 15, alteneta inachaji kupita kiasi na betri inachemka. Hapo reguleta ndiyo ya kutengenezwa kwanza.

La pili ni maji. Betri za kujazwa huwa na alama ya juu na ya chini. Anayejaza hadi kwenye mdomo humwaga asidi kila anapopanda mlima. Tena, kinachoongezwa ni maji safi ya betri, si asidi.

La tatu ni ganda la betri. Likivimba ubavuni au likiwa na ufa chini, betri hiyo haifai kurudishwa hata trei ikiwa ya dhahabu.

La nne ni ukubwa. Betri nyingi za Kijapani huandikwa namba kama 46B24L au 80D26R. Herufi ya katikati hueleza kundi la upana na urefu wa kwenda juu, namba inayofuata ni urefu wake kwa sentimeta, na herufi ya mwisho huonyesha mpangilio wa vichwa vya chanya na hasi. Betri ya kundi D ina upana wa kama sentimeta 17, ilhali ya kundi B ina kama 13. Mwenye gari akilazimisha betri kubwa kwenye trei ndogo ili “gari liwake vizuri”, ukingo wa trei hupinda, kibanio hakifiki, na mpira wa tyubu huchukua kazi isiyo yake.

Kufungua kwa utaratibu

Kazi yenyewe haihitaji gereji kubwa, ila inahitaji utaratibu. Injini huzimwa na kuachwa ipoe, ufunguo hutolewa. Redio yenye namba ya siri, namba hiyo hutafutwa mapema.

Waya wa hasi hufunguliwa kwanza, wa chanya baadaye. Sababu yake ni rahisi. Bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Fundi akianza na chanya, spana ikagusa bodi kwa bahati mbaya, umeme wote wa betri hupita kwenye spana hiyo. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea.

Betri hunyanyuliwa ikiwa wima na kuwekwa mbali na moto, sigara na mashine ya kuchomelea. Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho havina mbadala. Asidi ikiingia jichoni, jicho huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha ni hospitali.

Baada ya hapo asidi iliyobaki huuawa. Dawa yake iko jikoni. Magadi yale yale yanayolainisha maharage, yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, hupunguza nguvu ya asidi. Bikaboneti ya soda hufanya kazi hiyo hiyo. Huyeyushwa kwenye maji na kumwagiwa pole pole mahali palipooza. Povu likitoka, asidi bado ipo. Povu likiisha, pamekuwa salama, na husuuzwa kwa maji mengi. Maji ya magadi yasiingie kwenye matundu ya betri, kwa kuwa yataiharibu.

Hapo ndipo ukweli huonekana. Fundi huchukua bisibisi na kuchokonoa bati, si la trei tu, bali na la chini yake. Katika magari mengi, chini ya trei hupita mhimili wa bodi, mafungu ya nyaya na pengine mabomba ya breki. Bisibisi ikizama kwenye mhimili, kazi si ya trei tena, na gari halipaswi kubeba mzigo mpaka mhimili utengenezwe. Bomba la breki lililoliwa na asidi hubadilishwa, halipakwi rangi.

Ya boliti na ya kuchomelewa

Trei ziko za aina mbili. Ya kwanza hufungwa kwa boliti, na hiyo ndiyo nafuu. Boliti zenye kutu hupuliziwa mafuta ya kulainisha usiku kucha, kisha hufunguliwa taratibu kwa kurudi na kwenda. Anayelazimisha hukata boliti ndani ya bodi, na kazi ya saa moja huwa ya siku nzima.

Trei ya aina hii hupatikana kwa wauza spea zilizotumika. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, soko la Kisekka jijini Kampala na Gerezani jijini Dar es Salaam ni sehemu zinazojulikana kwa biashara hiyo. Mnunuzi mwerevu huenda na trei ya zamani mkononi, hata ikiwa vipande, na hulinganisha matundu ya boliti kabla ya kulipa. Huigeuza pia kuangalia upande wa chini, maana trei iliyotoka kwenye gari jingine la zamani inaweza kuja na kutu yake.

Aina ya pili imechomelewa kwenye bodi. Hii hukatwa hadi palipo na bati zima, na mpya hutengenezwa kwa bati la unene wa kama milimita moja na nusu. Kingo zake hukunjwa kwenda juu ili betri isiteleze, na hutobolewa matundu ya kutoa maji. Bila matundu hayo, maji ya mvua na ya kuosha gari hutuama humo na kutu huanza upya.

Kuchomelea kuna masharti. Betri iwe imeondolewa kabisa. Nyaya za alteneta na za kompyuta ya injini zichomolewe kwa magari yenye kompyuta. Waya wa chini wa mashine ufungwe karibu na mahali panapochomelewa, ili umeme usizunguke gari zima. Mabomba ya petroli na nyaya zisogezwe, na mtu asimame karibu na kizima moto. Bati lenye zinki lichomelewe mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake humpa fundi homa.

Baada ya hapo ni rangi. Bati husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, pande zote mbili na kwenye kingo. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuificha tu. Rangi iachwe ikauke kabla betri haijarudi. Juu ya trei huwekwa sinia la plastiki au kipande cha mpira mzito, ili asidi ikidondoka isifike kwenye bati.

Mbao, debe na tyubu

Njia za mkato zinajulikana katika kila gereji ya kando ya barabara. Kuna wanaoweka ubao chini ya betri. Ubao hunyonya asidi na kuishikilia pale pale dhidi ya bodi kwa miezi. Kuna wanaokata bati la debe, ambalo ni jembamba mno kubeba kilo 15 kwenye barabara ya mashimo. Na kuna mpira wa tyubu, ambao hukauka kwa joto la injini na kukatika siku isiyotarajiwa.

Kwa dharura ya mpakani, mpira unaweza kumfikisha mtu kwenye gereji ya karibu, mradi kichwa cha chanya kimefunikwa kwa kifuniko chake au kipande cha mpira kisichopitisha umeme. Ni msaada wa safari moja. Tatizo huanza unapogeuka kuwa wa mwaka mzima.

Kurudisha na kujaribu

Wakati wa kurudisha, mpangilio hugeuzwa: chanya kwanza, hasi mwisho. Kibanio cha chuma chenye boliti zake ndefu hufungwa mpaka betri itulie, bila kukaza hadi ganda lipasuke. Kipimo cha mafundi ni kuisukuma betri kwa mkono. Kinachotikisika kiwe gari, si betri.

Vichwa husuguliwa mpaka ving'ae, waya hukazwa, kisha hupakwa grisi au vaselini kidogo kwa juu. Kifuniko chekundu cha chanya hurudishwa mahali pake. Mwisho, chaji hupimwa tena injini ikiwa inawaka, na boneti hushushwa taratibu kuona kama kuna nafasi kati yake na vichwa vya betri.

Betri ya zamani isiyofaa nayo ina njia yake. Ndani yake kuna risasi, sumu inayoharibu ubongo wa watoto hasa. Kuipasua nyumbani ili kuuza risasi, au kumwaga asidi yake kwenye mtaro, ni kuwaletea majirani maradhi. Irudishwe kwa muuzaji anayepokea betri chakavu. Na asitokee wa kuibebesha kwenye mzigo wa kuvuka mpaka kama bidhaa ya kawaida, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Basel betri chakavu za risasi ni taka hatarishi, na husafirishwa nchi hadi nchi kwa kibali maalumu.

Dakika tano kabla ya safari

Kwa mama wa maharage, hesabu ya siku ile ni ndefu. Amepoteza asubuhi nzima, mteja amenunua kwa mwingine, na magunia yamelala usiku wa pili mpakani. Trei yenyewe, ya boliti, ilihitaji kama saa moja ya fundi nyumbani Arusha.

Mara moja kwa mwezi, na kila kabla ya safari ya kuvuka mpaka, dakika tano zinatosha. Boneti hufunguliwa mchana kweupe. Betri husukumwa kwa mkono. Tochi humulikwa chini yake kutafuta magamba ya kutu, na kwenye vichwa kutafuta unga mweupe. Kwa ndani ya boneti hutafutwa alama yoyote ya kuungua. Chochote kikionekana, gari huenda kwa fundi kabla ya kupakiwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, ufa huo unaweza kuwa chini ya betri, mahali ambapo afisa wa forodha hana haja ya kupaangalia. Wa kupaangalia ni mwenye gari.